Mimi Mmoja, Nyinyi

Jumatatu, 2 Aprili
Redio ya asubuhi, kahawa bado ya moto: matanuru yote mawili ya kiwanda cha chuma hapa Vaurange yatazimwa kabla ya mwaka kwisha. Serikali imeamua. Serikali yetu — wasoshalisti! Miaka mitatu tu tangu tushinde, tukacheza uwanjani mpaka viatu vikaachia. Mimi, Solange Wiltzer, mbunge wa chama kinachozima tanuru alilolihudumia baba yangu, na baada yake mume wangu Raymond, mpaka mapafu yakamwisha.

Alhamisi wiki ijayo tutapiga kura bungeni. Kuunga mkono mpango huu au kuukataa. Simu haijalia kutwa nzima. Nimeinua mkonga wake mara mbili kuona kama ni nzima. Ni nzima.

Jumatano, 4 Aprili — Paris
Kiongozi wa kundi letu bungeni kaniita ofisini kwake. Mtu mpole, mikono laini kama ya padri. Solange, kasema, najua inakuuma. Lakini ukitupinga, na wengine wakakufuata, serikali inaanguka, wanaingia wale wa mrengo wa kulia. Nao watayazima matanuru yako, na shule wafunge juu yake.

Nikauliza Vaurange itapata nini. Karakana ya nyaya inaweza kubaki, kasema. Inaweza! Nimefundisha sarufi nusu ya maisha yangu. Naijua hiyo "inaweza".

Chakula cha jioni peke yangu, mkahawa wa karibu na stesheni. Mhudumu kaiondoa sahani ya pili mezani bila hata kuuliza.

Jumamosi, 7 Aprili
Mkutano wa tawi la chama, hapa nyumbani Vaurange. Ukumbi umejaa. Mlangoni kasimama Gino Bertolazzi, katibu wetu, mtu wa tanuru la pili. Gino huyu tumebandika mabango pamoja miaka ishirini, ndoo ya gundi ikining'inia kwenye baiskeli yake. Binti yake nimemfundisha kusoma mimi. Siku tuliyomzika Raymond, yeye ndiye aliyenishika mkono nisianguke.

Kavua kofia. "Karibuni, Bi Mbunge. Mmesafiri salama?"

Nikageuka kutazama nimekuja na nani. Nyuma yangu hakuna mtu.

Kifaransa chetu humwita hata mtu mmoja "nyinyi" kwa heshima, lakini katika chama chetu hata waziri ni "wewe". "Nyinyi" ni ya meneja, ya hakimu, ya daktari usiyemwamini. Nikajaribu utani: Gino, nimenenepa kiasi hicho? Hakucheka. "Kiti chenu kiko mbele," kasema.

Waliniuliza swali moja tu: mtapiga kura gani? Nikajibu kwa maneno mengi yasiyo na jibu ndani yake. Hakuna aliyezomea. Laiti wangezomea, ningejua bado niko kwetu.

Jumapili, 8 Aprili
Mvua. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatano, 11 Aprili — Paris
Sijui. Nikikataa, Vaurange watanipigia makofi na matanuru yatazimwa vilevile. Nikiunga mkono, labda ile karakana itapona, na watu wake mia na zaidi. Akili inasema hivyo. Moyo unasema vingine.

Kila nikikwama namna hii huwa nampigia Gino. Hata leo nilishika simu, nikazungusha namba mpaka tarakimu ya mwisho. Nikaona aibu. Ataniita nyinyi, nami nitasema samahani, nimekosea namba. Nikaiweka chini.

Alhamisi, 12 Aprili
Nimeunga mkono.

Serikali imeshinda kura. Kiongozi wa kundi kanipigapiga begani: asante, Solange, wewe ni mwenzetu wa kweli. Hiyo "wewe" yake haikunipa joto hata chembe. Wenzangu wakaenda kunywa, mimi nikapanda treni.

Jumamosi, 14 Aprili
Dukani kwa mwoka mikate palikuwa na foleni mpaka nje. Wote wakanipisha. Tafadhalini, piteni. Kwa adabu, macho yote chini. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe asiguse koti langu. Nimerudi na mkate kwapani, nalia barabarani, mtu mzima na cheo changu.

Redio ya jioni: suala la karakana ya nyaya "bado linachunguzwa". Mjinga mimi.

Jumapili, 15 Aprili
Naandika nikiwa nimekaa ngazini ndani ya nyumba, kando ya dirisha, daftari juu ya goti. Jumapili ya Matawi. Majirani wanarudi kutoka kanisani, wamesimama barabarani na matawi yao mikononi, kwa sababu Gino yuko mlangoni kwangu anapiga ngumi.

"We Solange! Fungua! Umetuuza! Umetuuza kwa karakana ya nyaya, na hiyo karakana yenyewe hawakupi! Raymond angekutemea mate!"

Umetuuza, kasema. U. Hakusema mmetuuza. Herufi moja tu, na moyo unanidunda kama msichana aliyetumiwa barua. Maneno yake yananichoma, na yote ni kweli, hata hilo la Raymond. Lakini wiki nzima hajanisemesha mtu hivi.

"Najua umo humo, mwanamke kiburi we! Toka unitazame!"

Ufunguo ninao mkononi. Nikifungua tutatazamana, mbele ya watu wote hawa. Atakumbuka mimi ni nani sasa. Atavua kofia.

Basi nimekaa. Atukane tu.

Ngumi zimekoma. Hajaondoka, namsikia anahema upande wa pili wa ubao wa mlango, karibu kabisa, kama mtu aliyeegemeza kipaji cha uso.

"Solange," anaita sasa, kwa sauti ya chini. "Upo?"

Nipo. Nimesimama. Nimetia ufunguo kwenye tundu, na sijauzungusha.