Mstari wa Mwisho wa Fomu

Mbotela, Jumamosi, 12 Machi 1983

Nimekula mkate mtupu, kwa sababu sithubutu kurudi kwenye kibanda cha mboga cha Mama Auma kununua sukuma.

Kosa ni ile tai niliyovaa. Sijui nani alinidanganya kwamba utafiti wa chuo kikuu hufanywa kwa tai na faili, hata katika mtaa nilikozaliwa.

Nilianzia kwenye kibanda chake nikidhani kwake itakuwa rahisi. Mama yangu alipofariki, ndiye aliyenipikia mwezi mzima. Siku zote huniita "Kamau wangu".

Leo nilimsomea swali la kwanza kama lilivyoandikwa: "Je, wewe huweka kumbukumbu za biashara yako?"

Akaangalia tai, akaangalia faili. "Mimi sina kitabu, bwana. Hii mboga ni ya kula nyumbani tu."

Bwana. Hivyo ndivyo anavyowaita askari wa kanjo, wale wa jiji, wanapokuja kumwaga mboga zake.

Nilimweleza kwamba ni kazi yangu ya mwaka wa mwisho, ya uhasibu, na kwamba jina lake halitaandikwa popote.

"Ndiyo, bwana," akasema, akiendelea kukata sukuma.

Ningefunga faili hapo. Lakini niliogopa kupeleka fomu nusu, nikaendelea hadi mstari wa mwisho, ule ambao mhadhiri wangu hasamehe ukiachwa wazi: uhusiano wa anayehojiwa na mtafiti. Nikangoja aseme.

"Andika hakuna."

Nikaandika, kwa herufi kubwa, kama maagizo yanavyotaka.