Nyasi za Bondeni

Jumatatu, 3 Februari
Nimekata mgomba mwingine, nikamkatakatia ng'ombe. Amenusa, akaacha. Nyasi za nepia nilizompandia zimekauka. Mvua hakuna. Ana mimba kubwa na mbavu zinahesabika. Kimebaki kipande cha nyasi mbichi bondeni, kando ya mto, tunachotumia pamoja na shemeji yangu Nyakundi. Leo nimekuta kimepungua. Ng'ombe wangu hajafika huko tangu Ijumaa. Sielewi.

Jumatano, 5 Februari
Nyasi zimepungua tena. Nimemwendea Kwamboka, mke wa Nyakundi, nikamwambia mbuzi wake wanatumalizia nyasi.
"Mbuzi wangu wamefungwa, mama Kemunto. Njoo uwaone."
Nimewaona. Wamefungwa kweli. Nimerudi na hasira, sijui nimemkasirikia nani.

Jumamosi, 8 Februari
Leo Sabato, kanisani Kwamboka amekaa benchi jingine. Imeniuma. Jioni Nyakundi akasema ni pongo, yule swala wa vichakani. Amemwona mara mbili kule mtoni. Anataka kutega waya. Nimesema sawa. Sijui kwa nini nimesema sawa.

Jumapili, 9 Februari
Nimeshuka bondeni kukipambazuka. Pongo yupo. Jike, mdogo, ana madoa meupe ubavuni. Nimejibanza nyuma ya mkaratusi. Hagusi nyasi. Anachuma majani ya vichaka, moja moja, kama mtu anayechuma chai. Amepita katikati ya nyasi mbichi wala hakuinama.
Alipoondoka nikaenda kuangalia. Zimekatwa kwa mundu. Chini kabisa, sawasawa.
Nimemwomba Nyakundi aondoe waya. Akauliza, basi ni nani? Akautegua hata hivyo.

Jumanne, 11 Februari
Ni Baba. Baba mkwe wangu. Nimemwona akipanda kutoka bondeni, mzigo begani, mundu mkononi. Nikajificha kwenye migomba. Mimi ni mke wa mwanawe, siwezi kumsimamisha njiani nimhoji. Akaingia zizini kwake. Zizi lile ni tupu. Ng'ombe wake waliuzwa Mama, mkewe, alipougua, na Mama tulishamzika.
Alipotoka nikachungulia. Nyasi mpaka kifuani. Za chini zimeoza, za juu ni za leo. Nimelia. Nikakasirika. Nikalia tena. Ng'ombe wangu analala njaa!

Jumatano, 12 Februari
Nimempigia simu mume wangu, yuko kazini Kisii mjini. Kumbe juzi Baba alimpigia akamuuliza, Mama amekwenda soko gani? Hakujua aniambieje.
Nimekwenda kumwomba Kwamboka msamaha. Akanisogezea kiti.
"Mimi nilidhani ni wewe unayekata," akasema.
Tumechambua mboga pamoja.

Ijumaa, 14 Februari
Asubuhi, kama tulivyopatana, Nyakundi amemwingiza ng'ombe wangu kwenye zizi la Baba, nyasi zisizidi kuoza. Mimi nimebaki mbali, kwenye uzio. Baba akaja na mzigo wake. Akamwona ng'ombe, akasimama. Nilidhani atauliza ametoka wapi. Hakuuliza. Akamtupia nyasi, akamkuna shingo.
"Umechelewa," akamwambia.
Sijui kama tumemsaidia au tumemdanganya. Nimesimama pale mpaka ng'ombe alipomaliza kula, kisha nikaenda kuteka maji.