Turubai Jeupe Kisiwani Kwa Mwenyewe

Kwako Mjomba, popote ulipo pale kisiwani,

Leo ni siku ya kumi na moja simu yako haipatikani. Hilo peke yake lisingenitisha, maana huko Kwa Mwenyewe mtandao haupatikani mpaka mtu apande juu ya mwamba na kuinua mkono kama anayeapa mahakamani, na magoti yako sote tunayajua. Kinachonitisha ni kitu nilichokiona jana mchana kwenye kompyuta yangu, na ambacho nyumbani sijamwambia mtu. Nitakifikia. Niache kwanza nianze mbali, kwa sababu nikianza na hicho nitalia na barua haitaandikika.

Unakumbuka siku uliyonichukua mara ya kwanza? Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Desemba. Ulikuja kwetu Ijuganyondo na dumu la asali, ukakaa kwenye kochi la Mama ukitafuna kahawa, ukasema, "Dada, huyu mtoto anasoma jiografia na hajawahi kukanyaga kisiwa. Waitu jamani, hiyo ni elimu gani?" Mama akakuambia usinirudishe nimeungua jua. Tukapanda basi mpaka Muleba, kutoka hapo tukateremka hadi ziwani, tukaingia kwenye mtumbwi wa injini na mizinga yako miwili mipya. Bahari sijaijua mpaka leo, lakini siku ile niliona maji yasiyo na mwisho, nikashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

Kisiwa kilipojitokeza, cheusi kwa miti, nikapiga kelele, "Mjomba, kile pale!" Nikanyoosha kidole. Mwendesha mtumbwi akapunguza injini ghafla. Wewe hukunifokea. Ulikishika kidole changu, ukakikunja taratibu mpaka kikaingia kiganjani, ukanishikia ngumi yangu hivyo hivyo tukaenda.

"Kule tunaonyesha kwa kidevu," ulisema.

"Kwa nini?"

"Ukinyoosha kidole unamwonyesha na aliye nyuma yako. Wewe umeshamwona aliye nyuma yako?"

Nikageuka. Nyuma yetu yalikuwa maji tu. Ukacheka sana, na mwendesha mtumbwi naye akacheka, lakini nilimwona akitazama nyuma yeye pia.

Nilikuuliza Mwenyewe ni nani, ukanijibu kwamba wewe ni Mlutheri, mwimbaji wa besi, na maswali ya namna hiyo nikamuulize Bibi. Hata hivyo tulipofika uliweka punje tatu za kahawa juu ya jiwe kabla hujashusha mizinga. "Ukifika kwa mtu unabisha hodi," ulisema. "Hii ndiyo hodi yangu." Tulizunguka nyuma, hatukuingia kwa upande wa ghuba. Hukuwasha moto. Tulikula viazi vya jana, vya baridi, na kunywa maji ya ziwa, na mimi nilinuna kwa sababu nilitaka chai.

Siku ya pili ndipo ukanipeleka ghubani kwa miguu, kupitia msituni. Tulilala kifudifudi juu ya jabali, ukaniambia nitazame chini bila kuweka kivuli majini. Nikawaona furu, samaki wadogo, wa bluu na wa rangi ya kutu, wale ambao mwalimu alituambia sangara wamewamaliza. Walikuwa wengi, wamebeba watoto wao mdomoni, na ng'ambo, kwenye mafunjo, ndege wameatamia hata mabua yameelemewa. Ulininong'oneza, "Hapa ndipo ziwa linapozalia. Hiki ni chumba cha mzazi, Koku. Usimwambie mtu." Nikasema sitasema. Mjomba, nilisema kwa mdomo wangu sitasema.

Kisha nikasoma, nikarudi na cheti changu cha kuchora ramani, nikapata kazi kwenye mradi wa visiwa. Ofisi iko hapa mjini, na chumba changu kiko mtaa wa Bakoba, hatua chache. Kazi yenyewe unaijua, nilikueleza mara ngapi na wewe ukijifanya huelewi ili nieleze tena: setilaiti inapita juu kila baada ya siku tano, saa tano asubuhi, inapiga picha, nami nazisoma. Nikiziweka kwa namna fulani, msitu ulio hai unatokea mwekundu, na ulipokatwa panakuwa kijivu. "Kwa hiyo mnautazama msitu mkiwa mmeuchuna ngozi," ulisema, nami nikakwambia, Mjomba, acha mambo yako.

Visiwa vingi nilivyovichora vilikuwa vimeshaparara. Nilikuwa natoka ofisini na kichwa kinauma. Kwa Mwenyewe peke yake palikuwa pekundu kote, toka ncha hadi ncha, na hapakuwa na jina kwenye ramani yoyote. Hapo ndipo kiherehere kilinishika. Nikasema, wasiojua hawawezi kulinda. Tukiweka wazi kwamba hapa ni mazalia ya samaki, kwamba msitu huu ni wa asili na miti yake ni mikubwa kuliko yote ya visiwa vile, serikali itapatenga na watu wataheshimu. Nikaichora ghuba vizuri, Mjomba. Nikaizungushia mstari mwekundu. Nikaandika mahali pa kuingilia, kina cha maji, hata ile njia ya nyuma tuliyopita mimi na wewe. Nikaweka jina: Kwa Mwenyewe.

Wakubwa wangu walinipigia makofi kwenye kikao. Ramani ikachapishwa, ikabandikwa kwenye mbao za matangazo vijijini kote ufukweni ili wavuvi wajue pasipokanyagwa, ikarushwa kwenye magrupu ya simu. Mimi mwenyewe niliirusha. Nilikutumia na wewe nikakuandikia, "Mjomba, sasa kisiwa chako kina ulinzi!"

Hukujibu siku tatu. Nilidhani umekosa bando.

Ulipopiga, msimu wa senene ulikuwa umeanza, nikakusikia umetulia mno, wewe ambaye simu yako husikika mpaka kwa jirani. "Koku," ulisema, "kuna wageni huku. Wamekuja na karatasi yako."

"Karatasi gani?"

"Ile ya mstari mwekundu. Wameikunja vizuri, wameitia kwenye nailoni isilowe. Wananiuliza mimi kama hii njia ya nyuma inapitika na msumeno wa mashine."

Mawe, mama yangu! Nilikaa chini sakafuni pale pale ofisini. Nilikuwa naomba unitukane. Ungenitukana ningepona. Wewe ukasema tu kwamba utahamia huko kwa muda, kwa sababu mizinga ilihitaji uangalizi, na bunduki huna lakini nyuki unao.

Nilipeleka taarifa kwa wahusika, na doria ilikwenda, sitaki kusema uongo. Walikuta kimya, ghuba tulivu, na wewe umekaa mlangoni pa kibanda chako ukiwakaribisha asali. Wale wageni walikuwa wameondoka jana yake. Doria iliporudi nchi kavu, nao walirudi kisiwani. Nilimwomba bosi wangu tuiondoe ile ramani. Tuliibandua kwenye mbao zote. Ile iliyomo kwenye simu za watu tungeibandua na nini?

Ndipo tukapatana lile la turubai. Wazo lilikuwa langu, na ndilo wazo pekee ambalo sijalijutia, mpaka jana. Nilikununulia turubai jeupe, lile kubwa la kufunikia lori, nikakwambia: siku ya setilaiti, kabla ya saa tano, litandaze juu ya mwamba wa mashariki na kulibana kwa mawe. Nikiliona, najua upo. Mara ya kwanza nilipoona kile kidoa cheupe, kimraba kidogo tu katikati ya wekundu, nilipiga kelele hadi wenzangu wakaja kuangalia. Ulipopata mtandao nikakwambia.

"Kwa hiyo huyo wa juu ananiona?"

"Anaona turubai. Wewe ni mdogo mno, hakuoni."

"Ningejua nisingenyoa ndevu," ukasema.

Toka hapo maisha yetu yakawa ni siku tano tano. Kila picha ikija, Mama ananipigia toka Ijuganyondo, hata salamu hasalimu vizuri: "Yuko?" Nami namjibu, "Turubai lipo, Mama." Anasema ahsante Mungu, na nasikia sufuria zinaanza kugongana. Lakini kuna jambo sikuwa namwambia, wala wewe sikukwambia lote. Wekundu ulikuwa unapungua. Kwanza kidoa kijivu kilitokea kwenye njia ya nyuma. Siku tano, vikawa viwili. Siku tano tena, njia nzima ilifunguka, nyembamba, imenyooka kabisa, ikifuata mstari niliouchora mimi bila kupinda hata kidogo. Mjomba, niliitambua kama ninavyoutambua mwandiko wangu. Inakuja toka nyuma kuelekea ghubani, na mwamba wako uko katikati.

Mara ya mwisho kuzungumza nilikuomba utoke. Nililia, nikakwambia msitu utaota mwingine na mjomba haoti mwingine. Ukasema, "Mwanangu, mizinga imeanza kuhama. Nyuki wakihama huwa hawaondoki kwa utani." Nikakuuliza wale watu wamekufanya nini. Ukasema, "Hawajanifanya kitu, ni wapole, wananisalimia vizuri, na kila asubuhi wananiuliza nitaondoka lini." Kisha mtandao ukakatika. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya hizi kumi na moja.

Picha iliyofuata ilikuwa mawingu matupu. Nilisubiri siku tano nyingine. Jana ikaja, anga safi, haijapata kuwa safi namna ile. Nilifungua nikaenda moja kwa moja kwenye mwamba wa mashariki. Mwamba mtupu. Kidoa hakikuwepo.

Nikasema labda umechelewa kulitandaza. Labda magoti. Nikaanza kukitafuta kisiwa chote, mraba kwa mraba, na nikaliona. Lipo, Mjomba. Lipo ghubani, pembeni kabisa mwa maji, mahali ambapo wewe hujawahi hata kuacha kivuli chako. Na halikutandazwa. Limekunjwa katikati, urefu wake unang'aa upande mmoja na upande wa pili una giza, jinsi paa linavyoonekana toka juu. Pembeni yake kuna vidoa vingine vyeupe, vidogo vidogo kama mahema, ambavyo havikuwepo. Na moshi. Mwembamba, umelala juu ya maji. Kwenye kisiwa ambapo wewe ulininyima chai ili usiwashe moto.

Nimejaribu kujiambia umelitoa mwenyewe kwa hiari, kwamba mvua iliwashika ukawaonea huruma, maana ndivyo ulivyo. Nimejaribu sana. Naomba iwe hivyo, na ukirudi unicheke mpaka ukohoe.

Naandika barua hii hadharani kwa sababu najua wale walio na karatasi yangu nao wanasoma magazeti na simu zao zinafanya kazi wakipanda kwenye mwamba wako. Kama wako hapo karibu nawe, wakusomee kwa sauti, hata hapa nilipofika. Wasikie kwamba huyo mzee ana watu. Msitu waliutaka, wameshaupata, na aliyewaonyesha ni mimi. Kama kuna la kumalizana, wamalizane na mimi. Wewe wakurudishe ufukweni tu. Hatutauliza maswali. Sikudhani ningeandika sentensi hiyo maishani mwangu, mimi niliyekuja kulinda visiwa.

Kesho alfajiri tunavuka na doria. Nimewaambia wasipite nyuma, tuingie upande wa mwamba. Wakaniuliza mwamba upo wapi, wakanitandazia ramani mezani, ramani yangu yenyewe, nami nikajikuta mkono umegoma. Nimewaonyesha kwa kidevu. Wamenitazama kama mgonjwa. Nimechelewa, najua. Mfukoni nina punje tatu za kahawa.

Mama alipiga jana jioni, nami nilikuwa bado naitazama ile picha. "Yuko?" akauliza.

Nikamjibu vile vile ninavyomjibu siku zote. "Turubai lipo, Mama."

Akasema ahsante Mungu, na sufuria zikaanza kugongana. Anakupikia, Mjomba. Amesema tukirudi nawe kesho lazima ukute ndizi za moto, maana huko umekula baridi muda mrefu.

Ndimi mpwa wako, niliyenyoosha kidole,
Koku