Majivu Chini ya Ndizi

Yaya Masika, mukubwa wangu,

Nakusalimia toka Beni, wee na Mama na batoto. Joto ya huku inanichosha, lakini sombe yao, majani ya muhogo, ni tamu.

Unajua kazi yangu: tunakata majani ya ndizi mu mashamba, labo inasoma ADN, zile alama za uzazi ndani ya jani, donc tunajua ndizi gani zilitoka kwa mama moja. Ndizi ya Mama wetu, ile ya nyumbani, tulipoipima ilikuwa peke yake, haikukuwa na mwenzake fasi yote.

Juma iliyopita tulikata jani mu shamba moja karibu na Oicha. Batu bote balikimbiaka pale juu ya vita, hata nyumba hapana tena. Lakini chini ya ndizi moja kulikuwa majivu, vile Mama anamwagaka chini ya ndizi yake kila asubuhi. Nikagusa: ilikuwa ingali na moto. Tukaita, hapana mutu alijibu.

Leo majibu imetoka. Ile ndizi na ya Mama ni moja, alama zote. Na mutoto wa ndizi yetu, chipukizi, aliondokaka nyumbani mara moja tu, mu gunia ya ndugu yetu Kambale, siku alienda kutafuta kazi ya kakao na hatukumuonaka tena.

Usimwambie Mama bado. Asubuhi akimwaga majivu, simama karibu yake.

Mudogo wako anayekupenda,
Kavira