Kumi na Mmoja Waliokataa

Miyuji, Dodoma
9 Septemba 2004

Ndugu yangu na mkwe wangu Sila,

Pokea salamu zangu kutoka kitandani. Natumaini u mzima na ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi si mzima. Madaktari wamenirudisha kwa binti yangu Angelina nife nikiwa kwenye mto wangu.

Jana mchungaji alikuja kuniombea. Akanisifu kwamba mimi, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye niliyeleta huduma za afya kijijini. Nilitamani kumrushia kikombe cha uji. Nilikosa nguvu tu.

Unakumbuka mwaka juzi wauguzi walipokuja na gari kupima saratani ya shingo ya kizazi. Wake za watumishi, wenye nauli na pesa ya kuchangia, walikuwa wakipimwa mjini siku zote. Wa kwetu walifika hospitali wakati wa kufa. Ndiyo maana mradi ulitaka kila kitongoji kiwe na mhudumu wa kujitolea, apite nyumba kwa nyumba, aeleze, aandike majina ya wanaotaka na ya wanaokataa.

Kitongoji chenu kilimtaka Loisi, yule mjane mkunga. Lakini mradi ulikuwa unatoa baiskeli, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Nikampa kazi Kefa, mwanangu, nikasema Loisi hajui kuendesha. Mama yule alinipa shikamoo yangu kwanza, kisha akaniuliza mbele ya kikao kizima kama ni baiskeli ndiyo itakayokaa jikoni na wanawake kuwaeleza habari za vizazi vyao. Watu walicheka. Nami nikacheka, mpumbavu mimi.

Kefa amemwoa binti yenu. Wewe na mimi tunaijua desturi: mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, akimwona mbele anaacha njia, anapita porini. Sasa mtu huyo ndiye aende kumwambia mkeo Lydia habari za kuvua nguo na kupimwa! Tena si Lydia peke yake. Kitongoji kile chote ni ukoo wenu, kila mama pale ni mkwe wake. Hata uani kwenu hakukanyaga. Alikaa barazani kwangu akaandika majina kumi na moja, na mbele ya kila jina akaandika: amekataa.

Nilijua. Loisi alinifuata akaniambia kwamba wanawake wale hawajasikia lolote, kwamba gari lingekuwepo siku mbili zaidi, na kwamba angekwenda kwa miguu usiku na mchana nikimruhusu. Nilimwambia akithubutu atamwaibisha mwanangu, na mimi nitamwaibisha yeye. Kisha nikaitia sahihi orodha ile ya Kefa. Miaka thelathini nilichapa watoto wa watu kwa kusema uongo, Sila, na mkono uleule ukatia sahihi.

Damu ilipoanza kumtoka Lydia, mambo yalikuwa yamekwishaharibika. Muuguzi alifungua orodha akakuambia mkeo alikataa kupimwa. Makaburini ukasema mbele ya watu wote kwamba umemzika mkaidi aliyejitakia. Nilikuwa nimesimama kando yako. Nilikushika mkono, nikasema wanawake ndivyo walivyo, mkwe, hawasikii.

Hakukataa. Hakuna aliyemwuliza.

Usimalizie hasira kwa Kefa. Yeye aliogopa desturi ya wazee wake. Mimi sikuogopa chochote ila kuchekwa kwenye kikao. Wale kumi waliobaki wako hai, na hata leo hawajui kwamba waliandikwa wamekataa. Nimemwandikia Loisi awapitie wiki hii, mlango kwa mlango, na Angelina atawapokea hapa Miyuji awapeleke kupimwa. Atakayejaribu kuwazuia usimjali, hata akiwa mjumbe wa kamati, hata akiwa mwanangu.

Jumapili simama kanisani uisome barua hii yote, bila kuruka mstari. Ule uongo ulisikika mbele ya watu. Na huu ukweli usikike hivyo hivyo. Sikuombi unisamehe, na siku ya mazishi yangu usikubali mtu anisifu.

Nisalimie wajukuu wetu, na majirani wote wa hapo. Nenda kaburini kwa mkeo ukamwombe radhi kwa neno lako. Langu nitamwambia mwenyewe, karibuni.

Ni mimi,
Meshack Chilongani