Jini wa Cherehani

Dada yangu,

Mimi mzima, na cherehani nayo imeacha kukata uzi.

Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa akiniita "jini wangu," eti nilimpagawisha siku niliyompima suruali? Mtaa mzima ulicheka. Tangu tumzike wananiita jini vilevile, ila hakuna anayecheka. Wanasema nimemmaliza. Jini gani, dada, asiyeweza kutunga uzi bila miwani?

Wateja wangu wanawake huniachia vitambaa mlangoni, vipimo wameviandika kwenye karatasi, nisije nikawagusa. Jana nilijipima kiuno mara tatu, nipate tu kumzungushia mtu utepe.

Kitambaa cha gauni lako sijakikata. Karatasi ya vipimo uliyonitumia nimeichana. Njoo nikupime kwa mikono yangu.

Mdogo wako