Pampu Isiyo na Kosa

Mke wangu Zdravka,

Mbuzi hajambo, pilipili hoho zimeiva. Trekta liligoma kuongeza mwendo, nikaifungua pampu ya dizeli mara tatu juu ya kitambaa cha meza cha harusi yetu. Ndiyo, hicho hicho.

Jana Desislava, binti wa jirani, kachomeka kompyuta yake kwenye trekta, kacheka mpaka machozi. "Mjomba Rangel, pampu umeionea bure! Siku hizi pedali ya mwendo haivuti waya. Inapeleka habari kwenye kompyuta ya trekta, nayo ndiyo inaiamuru pampu imwage dizeli kiasi gani, wakati gani. Pedali yako mbovu, haipeleki neno. Pampu nzima, inangoja kuambiwa tu!"

Nikaona pedali mbovu ni mimi. Miaka miwili uko Italia, nami nakuandikia habari za mbuzi tu.

Basi nakuambia: rudi nyumbani. Kitambaa nitanunua kingine.

Mumeo mkaidi,
Rangel